Mwalimu mwenye mabwawa ya samaki

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mchele umefika. Baba yako ameshapeleka nusu yake kwa shangazi yako bila kumuuliza mtu, kama desturi yake.

Umeniuliza jambo moja. Wazazi wa darasa lako la kwanza wanataka uwafundishe watoto tuisheni jioni kwa malipo, na baadhi yao hawana cha kulipa. Sasa unataka kujua "marabi wa mama" wanasemaje: ni halali mwalimu kupokea fedha kwa kumfundisha mtoto kusoma? Jibu fupi ni ndiyo, halali. Jibu refu ndilo ninalotaka kukuandikia, na likichepuka njiani univumilie, ulishazoea.

Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, walilifikia jambo hili kwa njia ya nadhiri. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zao, katika sura ya nne ya Nedarimu, kitabu chake cha nadhiri, inamzungumzia mtu aliyeapa kwamba fulani asipate faida yoyote kutoka kwake. Je, anaweza kumfundisha? Wakajibu: amfundishe sheria na masimulizi, lakini asimfundishe Maandiko. Talmudi ya Babeli, ambayo ni mjadala wa marabi juu ya Mishna, ikauliza tofauti iko wapi. Ni kwamba Maandiko yalifundishwa kwa ujira na yale mengine bure, kwa hiyo kumfundisha mtu Maandiko bila kumtoza ni kumpa faida. Hapo likaibuka swali kubwa zaidi: kwa nini kuwe na ujira kabisa? Musa amesema katika Kumbukumbu la Torati kwamba alifundisha kama Mungu alivyomwamuru, na marabi wakaelewa hivi: yeye alipewa bure, akatoa bure, nanyi toeni bure.

Lakini walimu wa watoto walikuwa wanalipwa, na hakuna mji uliokuwa tayari kuwaacha wafe njaa. Basi wakatafuta mlango. Rav, rabi mkubwa wa Babeli ambaye hilo ndilo jina lake, alisema ule ni ujira wa ulinzi: mwalimu analipwa kwa kumwangalia mtoto asitangetange wala asiumie, si kwa Torati anayomsomesha. Rabi Yohanan akasema hapana, analipwa kwa kumfundisha mahali pa kutua na namna ya kuuimba mstari, kwa sababu hilo si neno la Torati lenyewe. Tofauti yao si ya maneno matupu. Mtu mzima hahitaji kulindwa, kwa hiyo hoja ya Rav inamhusu mtoto peke yake.

Unaona lililotendeka hapo? Mtu anashinda na watoto kutwa nzima, anawatia herufi kinywani moja baada ya moja, kisha sheria inaandika kwenye stakabadhi yake: yaya. Mimi jambo hili liliniudhi kwa muda mrefu. Sasa silioni tena kama dharau, au tuseme naliona kama dharau siku fulani na kama heshima siku nyingine, na leo ni siku ya heshima. Ngoja nikueleze kwa nini.

Katika Talmudi ya Yerusalemu kuna habari ya marabi watatu, Hiyya, Assi na Ammi, waliotumwa na Rabi Yehuda Nesia kuzunguka miji ya nchi ya Israeli na kuweka walimu. Wakafika mji mmoja usio na mwalimu wa Maandiko wala wa Mishna. Wakasema: tuleteeni walinzi wa mji. Wakaletewa askari wa lindo. Wakawatazama wakasema: hawa ndio walinzi? Hawa ni waharibifu wa mji! Wenyeji wakauliza, basi walinzi ni akina nani? Wakajibiwa: ni walimu wa Maandiko na wa Mishna. Nimekuwa nikilisema hili mezani kwetu tangu mkiwa wadogo na nitalisema tena: mji unalindwa na anayefundisha herufi. Kaka yako huwa anamalizia sentensi hiyo kabla yangu, kwa kejeli, lakini anaimalizia.

Sasa, kwa nini huwajui majina yao? Fungua ukurasa wowote wa Talmudi. Hoja nyingi zimefungwa kwenye mnyororo wa majina: fulani alisema, kwa jina la fulani, aliyesikia kwa fulani. Jina linaingia kitabuni kwa sababu mwenye nalo ametoa hoja au amempinga mwenziwe. Mwalimu wa watoto hatoi hoja. Anasoma mstari, mtoto anaurudia, anausoma tena, mtoto anaurudia tena. Akiifanya kazi yake vizuri kabisa, hakuna neno hata moja jipya litakalobaki duniani kutoka kwake. Kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa. Mfumo ule ule uliohifadhi majina ya wabishi kwa uaminifu wa ajabu haukuwa na mahali pa kumweka mtu ambaye kazi yake ni kurudia. Hakuna aliyekaa akaamua kuwasahau.

Wachache wamepenya. Mmoja ni kuhani mkuu, Yehoshua ben Gamla, wa miaka ya mwisho ya Hekalu la pili. Talmudi inasema akumbukwe kwa wema, kwani bila yeye Torati ingesahauliwa katika Israeli. Alichofanya ni kazi ya ofisini. Mwanzo, mwenye baba alifundishwa na baba yake, na asiye na baba hakufundishwa. Wakaweka walimu Yerusalemu. Bado aliyekuwa na baba alipelekwa, yatima akabaki kwao. Wakaweka walimu katika kila wilaya na kuwaingiza vijana wa miaka 16 au 17. Mwalimu akimkasirikia, kijana anagoma, anaondoka zake. Mipango miwili ya heshima, yote ikafeli: wa kwanza ulikuwa mbali mno na nyumbani kwa mtoto, wa pili ulimpata mtoto akiwa ameshaota ndevu. Ben Gamla akarekebisha vyote viwili kwa pamoja: walimu katika kila mji, na watoto waingie wakiwa na miaka 6 au 7.

(Cheo chake alikipata kwa rushwa. Talmudi hiyo hiyo inasema Marta binti Boethus, mkewe, alimpelekea mfalme kipimo kizima cha dinari ili mumewe awe kuhani mkuu. Aliuawa Yerusalemu mwaka 68, wakati wa vita na Warumi. Nimewaza sana juu ya zile dinari. Sijui nizitukane au nizishukuru.)

Juu ya agizo hilo marabi wa Babeli wakajenga kanuni, na hizi nakuandikia kwa ukamilifu kwa sababu zinakuhusu. Rava, ambaye ni mwingine, si Rav, alisema mwalimu mmoja achukue watoto 25. Wakifika 50, waweke walimu wawili. Wakiwa 40, mwalimu awe na msaidizi, na gharama ya msaidizi isaidiwe na watu wa mji. Mtoto asipelekwe kusoma mji mwingine, kwa hatari ya njiani. Kutoka sinagogi moja hadi jingine ndani ya mji, sawa. Kama kuna mto katikati, hapana. Kama mto una daraja, sawa. Kama daraja lenyewe ni ubao mwembamba tu, hapana. Napenda sana kwamba waliufikiria ubao. Aliyeandika vile alikuwa amemwona mtoto akivuka.

Tena kuna sheria ya ua. Mtu akifungua duka katika ua wa nyumba za watu wengi, majirani wanaweza kumzuia, waseme hatupati usingizi kwa sauti za waingiao na watokao. Lakini hawawezi kumzuia kwa sauti ya watoto wanaosoma. Mwenye nyumba wako akianza kununa juu ya kibaraza, unaweza kumsomea hiyo, ingawa sidhani kama itamshinda.

Rava na Rav Dimi wa Nehardea walibishana pia juu ya mwalimu wa namna gani aajiriwe: anayesomesha kurasa nyingi bila kuwa makini, au anayesomesha chache kwa uangalifu? Rava alimtaka wa nyingi, akisema makosa hujitoa yenyewe kadiri mtoto anavyoendelea. Rav Dimi alimtaka mwangalifu: kosa likishaingia, limeingia. Na ushahidi wake ni wa kutisha. Kitabu cha Wafalme kinasema Yoabu alikaa Edomu miezi sita mpaka alipokatilia mbali kila mwanamume. Daudi, kwa mujibu wa simulizi hilo, akamuuliza: kwa nini wanaume tu? Yoabu akajibu kwamba amri inasema kuwafuta wanaume wa Amaleki. Daudi akamwambia: sisi tunasoma kumbukumbu ya Amaleki. Konsonanti ni zile zile, irabu ndizo zimepinda. Yoabu akasema hivyo ndivyo mwalimu wangu alivyonisomesha, akaenda kwa yule mzee na upanga mkononi. Jeshi zima, vita nzima, vimeongozwa na irabu alizozisikia jemadari akiwa na miaka sita. Ukikaa na watoto wako kwenye ba, be, bi, bo, bu, kumbuka Rav Dimi. Mimi niko upande wake, kabisa, ingawa najua wakaguzi wako wako upande wa Rava.

Mwalimu mwingine aliyepenya na jina lake ni Rav Shmuel bar Shilat. Huyu alipewa mashauri na Rav, yule yule wa ujira wa ulinzi. Mtoto chini ya miaka 6 usimpokee. Akifika 6 mpokee, mlishe kama ng'ombe anayenoneshwa. Ukimpiga, usimpige ila kwa gidamu ya kiatu. Anayeweza kusoma atasoma, asiyeweza akae tu pamoja na wenziwe. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimheshimu Rav, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Asiyesoma hafukuzwi. Anakaa. Sauti za wengine zinampitia, na siku moja zinamshika, au hazimshiki, lakini yumo.

Siku moja Rav alimkuta Rav Shmuel amesimama bustanini. Akamuuliza, vipi, umeiacha kazi yako ya uaminifu? Akajibu: miaka 13 sijaiona bustani hii, na hata sasa moyo wangu uko kwao. Hakuongeza neno. Mstari wa Danieli 12:3, wale waongozao wengi kutenda haki watakaong'aa kama nyota milele na milele, marabi walisema hao ni walimu wa watoto, na mara baada ya kuusema wakauliza: kama nani? Rav akajibu, kama Rav Shmuel bar Shilat.

Lakini ninayempenda kuliko wote hana jina. Habari zake ziko katika Taanit, kitabu cha Talmudi juu ya saumu. Kulikuwa na ukame, Rav akafika mahali fulani, akaamuru watu wafunge. Wakafunga. Mvua haikuja. Kumbuka huyu ni Rav, mwanzilishi wa chuo cha Sura, mtu ambaye Babeli nzima ilikuwa inamnukuu. Kisha mwenye kuongoza sala akasimama mbele yake. Akasema, "Avumishaye upepo", upepo ukavuma. Akasema, "Anyesheaye mvua", mvua ikanyesha. Rav akamgeukia: kazi yako nini? Akasema: mimi ni mwalimu wa watoto. Nawasomesha watoto wa maskini kama watoto wa matajiri. Asiyeweza kulipa, simtozi kitu. Nina mabwawa ya samaki. Mtoto akikataa kusoma namhonga samaki, namtengenezea, namtuliza, mpaka anakuja kusoma.

Basi. Hilo ndilo jibu lote. Hakutaja saumu, wala usiku wa kukesha, wala ukoo. Angalia jinsi kazi yake ilivyopangwa. Kwanza ada: wawili wanasoma kitu kimoja, mmoja analipa, mwingine halipi, na ndani ya darasa huwezi kuwatofautisha. Pili mabwawa: ana chanzo cha riziki ambacho hakitoki kwenye mifuko ya wazazi. Tatu, samaki hawaendi kwa mtoto hodari. Anayepewa ni yule asiyetaka. Sisi tungempa zawadi wa kwanza darasani na yule mkaidi tungempa gidamu. Na nne, hampi samaki akamwacha. Anamtengenezea, anambembeleza, mpaka mtoto anakaa kitako na kusoma. Rav aliyesema mwalimu wa watoto analipwa kama mlinzi alisimama pale akilowa mvua ya mlinzi. Na bado, aliposimulia au waliposimulia wengine, jina la mtu yule halikuandikwa. Jina la Rav limeandikwa.

Rabi Hiyya, si yule wa walinzi wa mji bali mwingine aliyemtangulia, naye alikuwa na ufundi wake, tena wa hatua kwa hatua. Rabi Hanina alijigamba kwamba Torati ikisahauliwa, yeye ataweza kuirudisha kwa hoja zake. Rabi Hiyya akamjibu kwamba yeye anahakikisha haisahauliwi. Alipanda kitani, akasokota nyavu kwa kitani kile, akanasa paa. Nyama akawapa yatima, ngozi akazitengeneza kuwa za kuandikia. Akaandika vitabu vitano vya Musa, akaenda mji usio na mwalimu wa watoto, akasomesha watoto watano, kila mmoja kitabu kimoja, na watoto sita wengine kila mmoja sehemu moja kati ya zile sita za Mishna. Kisha akawaambia: mpaka nitakaporudi, kila mmoja awasomeshe wenziwe alichonacho. Unaona hesabu yake? Watoto 11, na akiondoka mji una kila kitu, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kukamilika bila wenzake. Walimu 11, na hakuna hata mmoja kati yao tunayemjua kwa jina.

Mpaka hapa wote ni wanaume, na najua ulikuwa unangojea. Nami nimekuwa nikiikwepa sehemu hii, maana nikifika kwa Rambam baba yako huhamia mezani kwake barazani.

Mishna ya Kidushini inasema mwanamume asiye na mke asiwe mwalimu wa watoto, wala mwanamke asiwe. Musa bin Maimuni, ambaye Wayahudi humwita Rambam, aliliandika hilo katika kitabu chake kikubwa cha sheria na kutoa sababu: kwa ajili ya mama na baba za watoto wanaowaleta shuleni. Sasa, Rambam aliishi Fustat, Misri, akafa mwaka 1204, na watu walikuwa wanampelekea maswali kutoka kila upande. Miongoni mwa majibu yake yaliyobaki kuna kesi ya mwanamke mmoja, na imetufikia mara mbili, mara upande wake, mara upande wa mume.

Mume alikuwa mtu wa kwenda na kupotea, anamwacha na watoto bila kitu. Mama huyu alikuwa anajua kusoma Maandiko. Kaka yake alikuwa na shule ya watoto, akaanza kumsaidia. Kaka akaondoka, yeye akaishika shule, akaiendesha pamoja na wanawe wa kiume, wakala kwa jasho lake. Shule ikasimama. Ndipo mume akarudi. Akasema haifai, heshima yake inavunjika, mkewe anaonana na baba za watoto. Aache, akae nyumbani amhudumie. Mama akakataa. Alieleza kwamba shule si kazi ya kuachwa leo na kuokotwa kesho. Ukifunga, watoto wanatawanyika. Na wazazi walikuwa wanaleta watoto kwa ajili yake, hawakuwa wakiwaleta kwa ajili ya wanawe.

Rambam akajibu kwamba mume ana haki ya kumzuia. Ndiyo. Usirushe barua. Nilipoisoma mara ya kwanza nami nilikifunga kitabu. Mtu aliyejua kila mstari juu ya walinzi wa mji, aliyejua habari ya mvua, aliyeandika kwa mkono wake kwamba mji usio na watoto wanaosoma utengwe mpaka uweke mwalimu! Mbele yake yuko mwalimu mwenye shule iliyojaa, na anasema mume ana haki.

Lakini jibu halikuishia hapo. Akaonyesha njia: mwanamke akisema hamtaki tena mume huyu, na akakubali kuacha mahari aliyoandikiwa katika hati ya ndoa, apewe talaka. Hapo atakuwa na mamlaka juu ya nafsi yake, afundishe anachotaka, afanye anavyotaka. Kitabu chake cha sheria kinasema mwanamke asifundishe watoto. Katika barua, kwa mwanamke mmoja mwenye shida, anamfungulia mlango wa kufundisha watoto, na kumwambia bei ya mlango huo.

Nimekuwa nikigombana na nafsi yangu juu ya jibu hili kwa muda mrefu. Upande mmoja wasema: alimwokoa, kwa zana chache alizokuwa nazo, na aliyaandika yale maneno akijua yatasomwa. Upande wa pili wasema: kwa nini alipe yeye? Mume ndiye aliyekimbia, mke ndiye aipoteze hati? Ninaelekea upande wa pili. Kisha namkumbuka Rambam na majukumu aliyokuwa nayo Fustat, na narudi nusu ya njia. Hukumu siitoi, ingawa iko hapa kwenye ncha ya kalamu. Kinachonichoma ni kwamba hatujui kama alichukua ile talaka. Jibu limehifadhiwa kwa sababu Rambam alilitia sahihi. Mwalimu mwenyewe hatujui aliitwa nani, wala kama shule ilifunguliwa asubuhi iliyofuata.

Usidhani mambo haya ni ya zamani na ya mbali tu. Hapo jirani, nje kidogo ya Mbale, Uganda, Semei Kakungulu aliyekuwa jemadari wa Waingereza aliifuata Biblia mpaka mwaka 1919 akajitahiri na kuwaongoza watu wake kuwa Wayahudi, ndio Abayudaya. Walikuwa na kitabu na ari, hawakuwa na mwalimu. Mwaka 1920 akafika Myahudi mmoja anayejulikana kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao karibu miezi sita. Aliwafundisha kalenda, yaani Pasaka inaangukia lini na Siku ya Upatanisho lini, na sheria za nyama iliyo halali. Kisha akaondoka. Kwa jumuiya inayotaka kushika sikukuu, kalenda si jambo dogo: bila kalenda unaweza kufunga siku moja na Wayahudi wengine wote duniani wakafunga siku nyingine. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, wachache wakaendelea kwa siri, na mwaka 2008 kijana wao Gershom Sizomu akawekwa wakfu Marekani kuwa rabi. Jina la Sizomu utalikuta popote. La Yosef ni jina la kwanza tu, halina hata la baba.

Sasa turudi kwenye fedha, maana nakuona unavyopumua.

Mishna ya Bava Metsia inasema ukikuta kitu kilichopotea cha baba yako na cha mwalimu wako, cha mwalimu kitangulie. Marabi wakabishana: mwalimu yupi? Rabi Meir alisema aliyekufundisha hekima. Rabi Yehuda alisema aliyekufundisha sehemu kubwa ya hekima yako. Rabi Yose akasema hata kama amekufungua macho katika kipande kimoja tu cha Mishna, huyo ni mwalimu wako. Na Rava, yule mwenye kanuni ya watoto 25, akatoa mfano wake: kama Rav Sehora, aliyenieleza chombo fulani cha jikoni kinachotajwa katika Mishna. Ni aina ya upawa! Mmoja wa vichwa vikubwa vya Babeli anamhesabu mtu kuwa mwalimu wake kwa upawa mmoja. Kwa hiyo usiniambie tena, kama ulivyoandika mwishoni mwa barua yako, kwamba wewe "unafundisha kusoma tu".

Je, uwalipishe? Halali nimeshakuambia, na Rambam mwenyewe anasema kwa Maandiko mfuate desturi ya mji. Hoja ya Rav inakupa mshiko mzuri: toza kwa saa, tangu shule inapofungwa mpaka mama zao wanaporudi kutoka sokoni, kwa sababu saa hizo kweli unawalinda, na hakuna mzazi atakayesema hakuona alicholipia. Ukitoza kwa kurasa, watakuja wakuulize kwa nini mtoto wa fulani ameshafika "kitabu cha pili".

Na wasio na kitu? Mwenye mabwawa aliweza kuwasamehe kwa sababu alikuwa na mabwawa. Wewe una mshahara na kodi ya nyumba. Hilo ni kweli, na atakayekulaumu aje alipe kodi yako. Lakini naangalia tena maneno yake na naona hakusema "nawasamehe wale ninaoweza kuwasamehe". Nisiendelee. Nimekuapia kwamba sitakuamulia, na unajua ninavyougua nikishika ulimi.

Ila hili moja si hukumu, ni hesabu: hukuniambia watakuwa watoto wangapi. Niandikie idadi kabla hujamjibu mzazi yeyote. Wakiwa ndani ya 25, tunazungumzia ada. Wakipita hapo, unamtafuta msaidizi kwanza, na wazazi wenye uwezo ndio wamchangie, kisha ndipo uje na swali la nani alipe nini.

Mama yako